Video ya nyuzi 360, dunia ya kuchora au mgonjwa wa kuigiza: kipi kimfunze daktari anayetibu Bukavu?

Anayetaka kumfundisha daktari namna watu wa Kivu, mashariki mwa Kongo, wanavyoishi na ugonjwa ana njia tatu zinazotekelezeka. Ya kwanza ni kupiga video ya nyuzi 360, daktari avae miwani ya uhalisia pepe na kujikuta ameketi katikati ya chumba cha wagonjwa. Ya pili ni kujenga chumba hichohicho kwa kompyuta pamoja na watu wake, ili daktari atembee, ashike vitu na achague la kusema. Ya tatu haina miwani wala kompyuta: mama anayejua kuigiza anaketi mbele ya daktari na kujifanya mgonjwa. Nalinganisha kwa ajili ya vitivo vya udaktari, hospitali na mashirika ya hapa Bukavu yenye fedha za njia moja, labda moja na nusu, na ambayo kila mwenye bidhaa huyaambia kwamba yake ndiyo bora.

Niseme mapema ninakoegemea. Kwa Bukavu, leo, nachagua video ya nyuzi 360 iliyoigizwa na wenyeji, fupi, isiyohitaji intaneti, ikifuatwa na nusu saa ya mazungumzo. Ila kuna swali linalotangulia mitambo yote, na ukilikosea hata vifaa vya bei mbaya havitakuokoa.

Daktari anakaa kiti cha nani?

Miradi mingi ya aina hii humketisha daktari katika kiti cha daktari. Anavaa miwani, anaona mgonjwa mbele yake, anamuuliza maswali, programu inampa alama. Kiti hicho anakikalia kila siku ya Mungu. Hakuna jipya atakaloona kutoka pale, isipokuwa picha nzuri.

Mketishe kwenye mkeka wa garde-malade, yule ndugu anayelala chini ya kitanda cha mgonjwa na kumpikia. Kutoka pale mambo ni mengine. Mbele ya macho yako kuna miguu ya kitanda cha chuma, beseni la plastiki, termosi, sufuria ya bugali iliyofungwa kwa kipande cha kitenge. Daktari wa zamu anaingia na stajieri wake wanne, yaani wanafunzi wa udaktari walio kwenye mazoezi. Makoti meupe yanasimama kwenye miguu ya kitanda, yanazungumza Kifaransa kwa dakika mbili, moja linaandika kwenye fishi, karatasi ya mgonjwa, jingine linainua shuka kuangalia kidonda. Baba mkwe wa mgonjwa yumo humohumo chumbani, ametoka Walungu asubuhi kuja kumwona. Anageuza uso ukutani. Halafu makoti yanahamia kitanda cha pili. Hakuna aliyetaja jina la mama yule, wala aliyemwambia mama mkwe wake kama leo anaruhusiwa kumpa sombe, mboga ya majani ya muhogo.

Kwa macho ya waliovaa koti, hiyo ilikuwa ziara nzuri: haraka, safi, fishi imejazwa. Kwa aliyekaa mkekani, ni dakika mbili za kuangalia migongo ya watu na aibu ambayo familia itaizungumzia hadi Krismasi. Mtu wa Kivu haelezwi aibu ya shuka kuinuliwa mbele ya mkwe. Daktari anajua vilevile, ukimuuliza mtaani. Anachosahau ni kwamba ndani ya hospitali aibu hiyo haikomi kuwapo.

Hapa kuna mtego wa lugha. Ukimweka daktari mkekani na wenzake wakazungumza Kifaransa, ataelewa kila neno, na kiti kitakuwa kimepoteza maana yake. Kwa mgeni wa Ulaya dawa ni rahisi: makoti meupe yazungumze Mashi, lugha ya Bashi wa hapa. Kwa daktari mwenyeji haitoshi, maana Mashi huenda ndiyo lugha ya bibi yake. Ninachokipendelea ni waigizaji waseme Kifaransa cha kubuni, chenye sauti na kasi ya Kifaransa cha hospitali lakini maneno yasiyo na maana, na hapa na pale neno moja halisi linalotisha: *cancer*, *opération*. Ndivyo garde-malade wengi wanavyosikia.

Swali la kiti ukishalijibu, njia tatu zinaanza kutofautiana kweli.

Video: sura za watu, na kila kasoro

Nguvu ya video ni uso. Mama mkwe wa Kabare anayesikia kwamba mke wa mwanawe anapasuliwa ana namna ya kushika kitenge na kunyamaza ambayo hakuna mchoraji atakayeikamata kwa bajeti zetu. Mwigizaji wa hapa anakupa hiyo bure, bila kuelekezwa.

Udhaifu wake ni kwamba kilichopigwa kimepigwa. Ukigundua baadaye kwamba muuguzi kwenye video amemsalimu mzee kwa mkono mmoja huku anaangalia simu, na wewe hukukusudia hivyo, huwezi kumfuta. Unarudi kupiga upya au unaligeuza kosa kuwa sehemu ya somo.

Kuhusu kamera, usidanganywe na neno 4K. Video ya 4K iliyotandazwa nyuzi 360 ina pikseli 3,840 kwa mzunguko mzima. Ndani ya miwani jicho linaona kama robo ya mzunguko kwa mara moja, yaani chini ya pikseli elfu moja. Uso ulio mita mbili unakuwa ukungu, na sisi tumekuja kwa ajili ya uso. Kamera za 5.7K zinavumilika. Za 8K, kama Insta360 X4 iliyotoka 2024 kwa dola 499 bei ya Marekani, ndizo ninazoziona zinafaa kazi hii. Kamera hizi ndogo zina lenzi mbili zilizogeuziana mgongo, na pale picha zinapounganishwa mtu aliyesogea sana hukatika bega. Waigizaji wakuu wasimame mbele ya lenzi moja, mita moja na zaidi kutoka kamera. Kimo nacho ni sehemu ya maana: jicho la aliyekaa kitini liko kama mita moja na kidogo kutoka chini, la aliyekaa mkekani liko chini ya hapo. Ukiiacha kamera kwenye kimo cha mtu aliyesimama, umemrudisha daktari kwenye koti lake bila kujua.

Halafu mvua. Bukavu mvua inaanza Septemba na kutuachia kwenye Juni, na mvua ya hapa juu ya mabati haisikizani na kipaza sauti chochote. Panga kupiga Juni hadi Agosti, au tafuta chumba chenye dari nzito. Sauti ndiyo inayobeba nusu ya tukio: mtoto analia kitanda cha tatu, mhubiri anaomba korido ya pili, simu inaita. Irekodi kwa kifaa cha pembeni, usiitegemee sauti ya kamera yenyewe.

Usipige katika hospitali yenye wagonjwa. Hili silijadili. Kamera ya nyuzi 360 haina upande wa nyuma. Inaona kila kitu, pamoja na mama aliyekuja kutibiwa jambo ambalo hata mumewe halijui. Mji wetu una Panzi, hospitali iliyoanzishwa 1999 ambayo Daktari Denis Mukwege alipata kwayo sifa ya dunia na Nobeli ya Amani mwaka 2018 kwa kuwahudumia wanawake waliobakwa. Watu wa hapa wanajua vizuri sana maana ya kupigwa picha ukiwa mgonjwa na wageni wenye kamera. Kongo pia ina sheria ya mambo ya kidijitali tangu Machi 2023 inayolinda data za mtu binafsi. Azima darasa tupu, leta vitanda viwili, funga neti, washa mkaa nje dirishani ili moshi upite. Itakuwa hospitali tosha. Na mitaani usisimamishe kamera kabisa. Tangu mapema 2025, Goma na Bukavu zilipoingia mikononi mwa waasi wa M23, kijiti chenye lenzi barabarani kinaweza kukuletea maswali ambayo mradi wako hauna majibu yake.

Dunia ya kuchora: inajibu, lakini inafanana na nani?

Faida kubwa ya dunia iliyochorwa kwa Unity au Unreal, programu za kutengenezea michezo ya kompyuta, ni kwamba daktari anatenda. Akichagua kuketi kabla ya kuzungumza, mgonjwa anamgeukia. Akichagua kuanza na mume badala ya mke, mke ananyamaza hadi mwisho. Unaweza kubadilisha sentensi moja mwakani bila kuwaita waigizaji wote, na hakuna uso wa mtu halisi wa kulinda.

Gharama yake wengi hawaihesabu sawasawa. Programu zenyewe unaweza kuanza nazo bila malipo. Kinachokula fedha ni vitu. Maktaba za michoro zinazouzwa mtandaoni zimejaa vitanda vya hospitali vya umeme, mapazia meupe na madaktari wenye meno ya tangazo la dawa ya mswaki. Beseni la bluu lenye kikombe ndani hutalikuta. Wala mabati yenye kutu, wala kitenge kilichofungwa kwa namna ya mama aliyejifungua. Kila kimoja kinachorwa upya, na mchoraji wa mbali atakuletea Afrika ya jumla: kibanda cha udongo, ngoma, mbuyu. Bukavu ni mji wa milima ya kijani kando ya ziwa, nyumba zimepandiana kutoka Ibanda hadi Kadutu na Bagira. Mbuyu tutautoa wapi?

Miwani isiyo na waya nayo ina nguvu za simu, si za kompyuta kubwa, na inatakiwa kuchora picha zisizopungua 72 kwa sekunde ili kichwa kisizunguke. Chumba chenye wagonjwa wanane, garde-malade wanane na makoti matano kitaielemea. Utapunguza watu, na chumba cha wagonjwa cha hapa kisicho na watu ni uongo. Kizunguzungu chenyewe ni tatizo la kweli pale dunia inaposogea huku mwili umekaa. Video ambayo kamera yake imetulia inakwepa hilo kwa sehemu kubwa.

Kwa hiyo dunia ya kuchora naiweka kwa jambo moja: uamuzi wenye matokeo, unaohitaji kurudiwa mara nyingi. Na hata hapo video inaweza kuiba kidogo ya nguvu hiyo. Inasimama penye njia panda, daktari anaangalia jibu moja kati ya matatu yaliyoandikwa hewani, video inaendelea upande huo. Wataalamu wa programu watasema huo ni mchezo wa watoto. Haidhuru, unatosha.

Chukua tukio la upasuaji wa uzazi. Mama ana uchungu tangu jana, mtoto amekwama, daktari anataka saini sasa hivi. Mume yuko Kamituga kwenye machimbo ya dhahabu, simu yake inashika mtandao akipanda kilima. Mama mkwe yupo, na hataki kusema ndiyo, kwa sababu akisema ndiyo na mambo yakaharibika, ni yeye atakayeulizwa na ukoo. Juu ya yote kuna bili, na kila mtu chumbani anajua habari za mama waliobaki hospitalini na watoto wao hadi familia ilipolipa. Jibu la kwanza: daktari anapaza sauti, «Mnataka afe?» La pili: anamweka mama mkwe kando na kumweleza hatari kwa Kifaransa kilichochanganywa na Kiswahili. La tatu: anamgeukia mama mwenyewe kwanza, anamwita kwa jina la mtoto wake mkubwa, kisha anauliza ni nani mwingine wa kumpigia ikiwa baba hapatikani. Linaongeza dakika tatu. Lile la kwanza linaweza kuongeza saa nzima, kwa sababu mama mkwe akitukanwa anaondoka kwenda kutafuta shemeji.

Ukimketisha daktari katika kiti cha mama mkwe kwenye tukio hili, na kumwacha asikie «Mnataka afe?» ikielekezwa kwake, sidhani kama kuna somo la darasani litakaloshindana nalo.

Mgonjwa wa kuigiza: mzee wa kazi

Howard Barrows alianza kumtumia mtu wa kuigiza ugonjwa katika kufundisha udaktari mwaka 1963 huko Los Angeles. Njia hiyo ni kongwe kuliko miwani yote na bado inaishinda mahali pamoja: inajibu lisilotarajiwa. Stajieri akisema neno la kukera ambalo hakuna mwandishi wa programu aliyeliwaza, mama aliyeketi mbele yake anakunja uso palepale. Baada ya zoezi anaweza kumwambia, kwa heshima lakini bila kumung'unya, «Docta, pale uliangalia saa, ndiyo maana sikukuambia habari ya dawa nilizokunywa.»

Bukavu ina vikundi vya maigizo vya makanisa na vya shule ambavyo watu wake wanaweza kazi hii wakifundishwa vizuri. Tatizo ni mara ya thelathini. Mwigizaji anachoka, anaanza kurahisisha, wa asubuhi hapati mgonjwa yuleyule wa jioni. Na njia hii haiwezi kumhamisha daktari kiti: atabaki daktari mbele ya mgonjwa. Unaweza kuwabadilisha nafasi, stajieri aigize mgonjwa. Wanacheka sana na wanajifunza kidogo.

Karuho: tukio linalozitenganisha njia zote tatu

Kama ni lazima upime kwa tukio moja, pima kwa hili. Kijana anakohoa miezi kadhaa, amekonda, familia inasema amepewa sumu, ni karuho. Wameshapita kwa mganga wa kienyeji aliyemtapisha, wameshapita chumba cha maombi, sasa wako kwako. Daktari anafikiria kifua kikuu na VVU, na huenda yuko sahihi. Akisema «hakuna sumu hapa», amewaambia kwamba ukoo mzima ni wajinga. Watapokea dawa na kurudi kwa mganga. Akikubali kwamba ni sumu, amedanganya, na jirani mmoja asiye na hatia anaweza kuumia.

Arthur Kleinman na wenzake walichapisha mwaka 1978 maswali ya kumsaidia daktari katika hali kama hii: unadhani ugonjwa umesababishwa na nini, kwa nini ulianza wakati ule, unakufanya nini, unaogopa nini zaidi. Ni maswali mazuri. Yakisomwa kutoka kwenye karatasi yanageuka mahojiano ya polisi.

Kwenye dunia ya kuchora daktari anachagua swali kutoka orodha, anapata alama, anaamini ameweza. Hapa ndipo ninapoiogopa zaidi, inamfundisha kubonyeza huruma. Video kutoka kiti cha kaka wa mgonjwa inamwonyesha kitu kingine: namna macho ya familia yanavyotafutana kabla ya mtu yeyote kutaja sumu mbele ya daktari, na nani anayepewa ruhusa ya kuitaja. Mgonjwa wa kuigiza anampa nafasi ya kujaribu kuuliza kwa ulimi wake mwenyewe, akwame, ajaribu tena. Kwa karuho, video kwanza na mwigizaji baadaye. Dunia ya kuchora ikae nje.

Huruma haitoshi

Uchambuzi uliochapishwa 2021, uliokusanya pamoja tafiti nyingi za uhalisia pepe, ulikuta kwamba teknolojia hii inaamsha huruma ya moyoni, lakini haimfanyi mtu aelewe vizuri zaidi mwenzake anawaza nini. Anayetoka kwenye miwani machozi yakimlengalenga anaweza kesho kuinua shuka vilevile. Ndiyo maana nusu ya saa baada ya video ni sharti, siyo nyongeza. Nayo isiongozwe na profesa peke yake. Muuguzi mzee wa kike na mama aliyewahi kuwa garde-malade wakae meza ileile, na waanze wao kusema.

Hatari nyingine ni orodha: «Bashi wanaamini hivi, Warega vile, Wahavu hivi.» Mkulima wa Kabare, mwalimu wa Ibanda na mchimbaji aliyerudi kutoka Kamituga wote wanaweza kuwa Bashi, na hawafikiri sawa juu ya hospitali. Melanie Tervalon na Jann Murray-García waliandika mwaka 1998, huko Marekani, kwamba daktari anahitaji unyenyekevu wa kujifunza kwa mgonjwa kuliko kuhitimu utamaduni wake. Kwa muundo wa video hiyo ina maana ya vitendo: usitengeneze tukio moja la «mgonjwa wa Kishi». Tengeneza mawili yenye familia za kabila moja zinazotaka mambo yanayopingana, moja ikitaka mgonjwa aambiwe ukweli wa saratani yake, nyingine ikikusihi mlangoni usimwambie.

Kwa anayeona haya yote ni mapambo, Ebola bado haijasahaulika. Mlipuko wa Kivu Kaskazini na Ituri ulitangazwa 1 Agosti 2018 na kuisha 25 Juni 2020: wagonjwa 3,470, waliokufa 2,287. Chanjo ilikuwapo, dawa zikajaribiwa, na bado timu zilipigwa mawe, na mtaalamu wa Shirika la Afya Duniani Richard Mouzoko aliuawa Butembo mwezi Aprili 2019. Sababu zilikuwa nyingi, siasa na vita vikiwamo. Huwezi kuzimaliza kwa video. Lakini moja ilikuwa ndogo na inayoonekana: mtu alichukuliwa, akaingia ndani ya plastiki, akarudi ndani ya mfuko. Shirika la ALIMA lilileta Beni vyumba vyenye kuta za plastiki angavu ili familia imwone mgonjwa wake na kuzungumza naye. Huo ulikuwa ukarimu wa muundo, na ulianza kwa kujiuliza ndugu anaona nini akiwa amesimama nje.

Miwani gani, na umeme gani

Hapa nipite haraka. Vifuko vya karatasi vya kuingizia simu, vilivyoanzishwa na Google 2014, ni vya bei ya chini sana, na Google yenyewe iliacha kuviuza 2021. Simu inapata joto, picha inatetemeka, stajieri anashika kifuko kwa mikono miwili kama mtu anayechungulia dirishani. Kwa onyesho la mara moja sawa. Kwa mafunzo, hapana.

Miwani inayojitegemea ndiyo ya kununua. Meta Quest 3S ilitoka 2024 ikianzia dola 299 Marekani. Ukijumlisha safari hadi Bukavu na ushuru, piga hesabu ya juu zaidi. Minne inatosha kwa kundi la stajieri wanaopokezana. Betri inakaa saa mbili hadi tatu, kwa hiyo umeme wa SNEL, shirika la umeme la taifa, ukikatika katikati ya kipindi hupotezi kitu, mradi umeichaji usiku. Akaunti na usajili vinataka intaneti siku ya kwanza. Maliza hayo mapema, pakia video moja kwa moja kwenye miwani, kisha uisahau intaneti.

Sifongo inayogusa uso ni jambo zito hapa kuliko kwingine. Aina ya mpox iliyogunduliwa Kamituga mwaka 2023 ndiyo iliyochangia dunia kutangaziwa dharura Agosti 2024, na mpox huambukiza kwa ngozi kugusana na kwa vitu vilivyoguswa. Nunua vifuniko vya silikoni vinavyopanguswa kwa alkoholi kila baada ya mtu, alkoholi isifike kwenye lenzi, na mwenye vipele usoni aangalie kwenye skrini.

Nani achukue nini

Shirika linaloleta madaktari wageni kwa wiki chache lichukue video, na liwape wakaiangalie kabla hawajapanda ndege. Hawana muda wa zaidi, na kwao kiti cha mkekani kinafanya kazi kubwa peke yake.

Hospitali inayopokea madaktari kutoka Kinshasa au Lubumbashi iwe na video pamoja na mgonjwa wa kuigiza. Hawa wanajua Kongo, hawajui Bukavu. Kilingala cha aliyetoka Kinshasa kinaweza kumfungia mlango kwa bibi wa Walungu. Wanahitaji kujaribu kuzungumza, siyo kuona tu.

Mgumu kuliko wote ni mtoto wa nyumbani: amezaliwa Kadutu, amesomea udaktari kwa Kifaransa, anaamini hana la kujifunza juu ya watu wake. Ukimwonyesha video ya desturi za Bushi, nchi ya Bashi, atasinzia. Huyo mpe kazi ya kuitengeneza. Huko Kolombia, Chuo Kikuu cha La Sabana kimejaribu kuwafundisha wanafunzi wa udaktari heshima kwa tamaduni za wagonjwa kwa kuwaachia wabuni michezo wenyewe. Kwa kitivo cha Bukavu chenye kamera moja, wape stajieri wanne tukio la karuho na wiki mbili, waende kwa wazee kuuliza nani husema nini chumbani, waandike, waigize, wapige. Watakachotoa kitakuwa na kasoro za picha. Kitakuwa pia chenye mabishano ya kweli, kwa sababu bibi wa mmoja atasema si hivyo.

Dunia ya kuchora niiache kwa mwenye fedha za miaka mitatu, mchoraji anayeishi hapa, na hitaji la kurudia uamuzi uleule kwa mamia ya wanafunzi. Akipatikana, aanze na upasuaji wa uzazi.

Na njia yoyote utakayochukua, usimlipe mtengenezaji fungu la mwisho kabla garde-malade watatu hawajavaa miwani hiyo na kusema kilicho cha uongo ndani yake. Waulize mmoja mmoja, nje ya macho ya daktari mkuu, na nauli yao iwe tayari kwenye bahasha.